Septemba ya watoto wasiopanda basi la shule

Na Mama wa Wavulana Wawili, Minnesota, Marekani

BASI la shule la rangi ya njano hupita mbele ya jengo letu saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi. Kwa miaka minne lilikuwa likisimama hapa kumchukua mwanangu mkubwa, na baadaye na mdogo wake. Mwaka huu halisimami. Wanangu, mmoja wa miaka tisa na mwingine wa miaka saba, husimama dirishani na vikombe vyao vya uji, na yule mdogo humpungia mkono rafiki yake anayekaa kiti cha nyuma. Rafiki akimwona na kumpungia, siku inaanza vizuri. Asipomwona, mwanangu huja mezani kimya.

Basi likishapotea kwenye kona, shule yetu inafunguliwa. Iko jikoni.

Wapenzi wasomaji, najua wengi wenu mtauliza swali lile lile aliloniuliza mama yangu mzazi kwa simu kutoka Mwanza: "Umewatoa watoto shule? Wamefanya kosa gani?" Kwetu sisi mtoto hatolewi shule. Mtoto hufukuzwa, au hukosa ada, au hushikwa na maradhi. Kumtoa kwa hiari yako, tena katika nchi ambayo shule ya serikali ni bure na basi linamfuata mlangoni, ni jambo ambalo hata kulieleza ni kazi. Ndiyo maana nimeamua kuandika, maana nimekuwa nikiulizwa sana kanisani, kwenye misiba na kwenye sherehe za Watanzania wenzangu hapa, na majibu ya dakika mbili hayatoshi.

Kwa nini tuliamua hivyo

Tunaishi katika kitongoji kimoja kaskazini ya jiji la Minneapolis. Mume wangu anafanya kazi ya mchana kwenye ghala. Mimi nahudumia wazee katika nyumba ya kulelea wazee, na mpaka mwezi Juni nilikuwa nikifanya zamu tano kwa wiki.

Mwaka jana mwanangu mkubwa alianza kuumwa tumbo kila Jumapili jioni. Daktari alimpima, hakuona kitu. Jumatatu asubuhi tumbo linakaza, Ijumaa jioni limepona. Polepole tukagundua kwamba kusoma kunamshinda. Wenzake walikuwa wanamaliza ukurasa, yeye bado yuko kwenye mstari wa pili, na akawa hodari wa kujificha: anafungua kitabu pale wanapofungua wenzake, na kufunua karatasi pale wanapofunua. Simlaumu mwalimu wake, alikuwa na watoto wengi na alituita mara mbili kutueleza. Tatizo ni kwamba sisi wenyewe hatukuwepo. Mimi narudi saa nne usiku, baba yao amechoka hajiwezi, na watoto wanalala mbele ya televisheni.

Na kulikuwa na jambo la pili. Bibi yao akipiga simu, mkubwa alikuwa akijibu kwa Kiingereza maneno mawili matatu, kisha ananikabidhi simu. Mama yangu hajui Kiingereza. Siku moja akaniambia kwa sauti ya chini, "Huyu mtoto sasa ni mgeni wangu."

Basi mwezi Juni shule zilipofungwa, tukakaa mimi na mume wangu tukakubaliana. Mwaka mmoja tutawafundisha wenyewe nyumbani, kisha tutaangalia.

Saa ya bibi

Wiki ya kwanza ya Septemba, baada ya sikukuu ya wafanyakazi ya hapa, ndipo watoto wa Minnesota wengi hurudi darasani. Nasi tukaanza siku hiyo hiyo. Nilikuwa nimenunua ubao mweupe, kalamu za rangi na ratiba nzuri ya kubandika ukutani: hisabati saa tatu, kusoma saa nne, sayansi saa tano. Ratiba hiyo ilidumu siku nne. Walimu mnaosoma hapa chekeni, mna haki.

Lililotuokoa ni swali la mtoto. Mdogo alikuwa anajifunza kusoma saa ya mishale, nami nikatundika saa mbili ukutani, moja ya hapa na moja ya Mwanza. Kwa Septemba Mwanza wako mbele yetu kwa saa nane. Akampigia bibi yake na kumuuliza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, huko ni saa ngapi. Bibi akasema saa kumi na moja jioni. Mtoto akatazama ukutani, mshale mfupi uko kwenye tano. "Bibi, saa yako mbovu!"

Mama akacheka mpaka akakohoa. Kisha akamjibu, "Mjukuu wangu, sisi tunahesabu saa tangu jua lilipotoka. Ninyi mnahesabu tangu mlipokuwa mmelala."

Hakuna kitabu kingemweleza vizuri zaidi ya hapo. Lakini mkubwa, aliyekuwa akisikiliza kwa pembeni, akauliza: je, kama jua likibadilisha saa ya kutoka? Hapo ndipo somo la mwezi mzima lilipozaliwa. Tukamwomba bibi kila asubuhi atazame jua linapochomoza juu ya mawe ya Mwanza, aangalie saa ya simu yake, na atutumie ujumbe wa sauti. Mwanzoni alikataa. "Jua linatoka kila siku, hilo nalo mpaka liandikwe?" Lakini kesho yake ujumbe ukaja. Na kesho yake tena.

Watoto wakachora jedwali. Kwetu, mwanzoni mwa Septemba jua lilikuwa likitoka kama saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mwishoni mwa mwezi lilikuwa linatoka saa moja na dakika kumi hivi, na jioni linawahi kuzama. Kila siku mchana ulipungua kwa kama dakika tatu. Kwa bibi jua lilisogea dakika chache tu kwa mwezi wote, na urefu wa mchana ukabaki pale pale, saa kumi na mbili na ushei. Mwanza iko karibu sana na ikweta, na sisi tuko karibu nusu ya njia kati ya ikweta na ncha ya kaskazini. Ilipofika tarehe 22 na 23 Septemba, siku ambazo mchana na usiku hukaribia kulingana dunia nzima, watoto waliziona safu mbili za jedwali zikikutana, kisha zikaachana. Nikawaambia wasubiri Desemba, jua la hapa litakapotoka karibu saa mbili asubuhi na kuzama saa kumi na nusu jioni.

Nje nako kulikuwa kunafundisha. Ule mti ambao jani lake limo kwenye bendera ya Kanada ulianza kuwa mwekundu kwa juu, kama mtu aliyevaa kofia. Mabata bukini wakaanza kupita kwa makundi, wakipiga kelele kuelekea kusini. Jirani mmoja mzee, Mmarekani, alitukuta bustanini saa tano asubuhi tukiokota majani, akauliza kwa upole, "Leo hakuna shule?" Mdogo akamjibu, "Hii ndiyo shule." Mzee akacheka. Mimi sikucheka sana, maana swali hilo huwa najiuliza mwenyewe usiku.

Ziwa lililokuwa sahani

Hapa Minnesota kuna maziwa zaidi ya 10,000, na upande wa kaskazini mashariki jimbo limepakana na Ziwa Superior, ambalo kwa eneo ndilo ziwa kubwa kuliko yote ya maji baridi duniani, kama kilomita za mraba 82,000. La pili ni letu, Victoria, lenye zaidi ya 68,000. Nilipowaambia, mkubwa alifurahi kama aliyeshinda mechi: anatoka la pili, na anaishi jirani na la kwanza.

Tukapima vina kwa uzi. Tulikubaliana kila mita kumi ziwe sentimita moja, tukabandika nyuzi ukutani. Superior lina mita 406 pale penye kina kirefu, uzi wake ukawa sentimita 40 na kidogo. Tanganyika lina mita 1,470, uzi ukawa sentimita 147, umepita kichwa cha mkubwa. Victoria je? Mita themanini na kitu. Uzi ukawa sentimita nane, mfupi kuliko kalamu.

Mtoto akasikitika kweli kweli. Akamtumia bibi ujumbe: ziwa lako ni kama sahani.

Jibu likaja asubuhi, pamoja na saa ya jua. "Mwambieni huyo mwalimu wenu kwamba sahani hiyo ndiyo iliyomsomesha."

Ndugu wasomaji, nilizima simu nikaenda kuosha vyombo. Mama yangu aliuza dagaa ufukweni tangu nikiwa darasa la kwanza mpaka nilipomaliza kidato cha nne. Alfajiri alikuwa ameshatandaza dagaa juani wakati mimi navaa sare. Kwake yeye shule si jambo la kujaribu jaribu. Ni mlango mmoja tu aliouona, akatumia mgongo wake kuufungua.

Jumatatu ya maji

Sitaki mtu anisome akadhani kwamba nyumba yetu ni maktaba. Zamu zangu sasa ni mbili za usiku, Ijumaa na Jumamosi, saa kumi na mbili kila moja. Jumatatu ya wiki ya tatu nilikuwa sijapona uchovu. Niliwapa hesabu za kuzidisha, nikaweka kichwa mezani kwa dakika moja. Niliamshwa na mlango ukigongwa. Alikuwa jirani wa chini, ana kitambaa cha kupangusia mkononi, na maji yanatiririka kwenye dari lake. Wanangu walikuwa wameamua kujenga Ziwa Victoria kwenye beseni la kuogea, na Mto Nile ukatokea pale pale unapotakiwa kutokea, kaskazini, kuelekea mlangoni.

Tulipangusa kwa taulo zote za nyumba. Niliwafokea mpaka sauti ikakauka, kisha mdogo akaniuliza kwa unyenyekevu kama Misri ni chumba cha baba. Tangu siku hiyo Jumatatu hatuna masomo ya mezani. Jumatatu ni siku ya kufua, kupika na kulala, na wao hupima unga na maji ya chapati. Wanabishana, wanapigana kwa ajili ya kifutio, kuna siku mkubwa anagoma kabisa kusoma na mimi natoka nje kuvuta pumzi ili nisiseme neno nitakalolijutia. Siku mbili kwa wiki tunakwenda maktaba, na jioni wanacheza mpira na watoto wa mtaani, maana bila hivyo wangebaki wawili tu wakichokana.

Hesabu isiyofundishwa ubaoni

Sasa niseme jambo ambalo kwa kweli ndilo lililoninyima usingizi. Kupunguza zamu kutoka tano hadi mbili ni kupunguza zaidi ya nusu ya mshahara wangu. Juu ya hayo, tangu mwaka wa masomo wa 2023-2024 watoto wa shule za serikali Minnesota wanapewa kifungua kinywa na chakula cha mchana bure. Wangu sasa wanakula kwangu, na wavulana wanakula.

Kubeba boksi kuna majina nyuma yake. Katika mshahara wangu kulikuwa na ada ya binti wa marehemu dada yangu, aliyelelewa na mama, na ambaye sasa anasomea ualimu Mwanza. Muhula huu ada yake ilichelewa kwa wiki tatu. Mama hakupiga kelele. Alisema hivi tu: "Wawili umewatoa kwenye shule ya bure, na huyu mmoja unataka atoke kwenye ya kulipia?"

Sikuwa na jibu. Mume wangu ndiye aliyepata wazo. Tuliuza gari letu la pili. Na yule binti tukamwomba awe mwalimu wa Kiswahili wa wanangu, mara tatu kwa wiki, saa tatu asubuhi yetu, ambayo ni saa kumi na moja jioni yake akishatoka chuoni. Tunamlipa kwa kazi, na malipo hayo ndiyo yanaongezea ada. Si msaada wa shangazi tena, ni mshahara wake. Nimeona hata sauti yake imebadilika. Hanishukuru kama zamani, ananidai daftari za watoto zikiwa hazijasahihishwa.

Na hapa likatokea nisilolitarajia. Kiswahili kinasomwa kama kinavyotamkwa. Ba, be, bi, bo, bu. Mtoto akishajua silabi hazimgeuki njiani. Mwanangu aliyekuwa anajificha nyuma ya kurasa za Kiingereza alikuta lugha ambayo herufi zinatimiza ahadi. Baada ya wiki tatu alimsomea bibi yake aya nzima kwenye simu, kwa kusuasua, kidole kikifuata mstari. Upande wa pili kukawa kimya. Nikadhani mtandao umekatika. Kisha mama akasema, "Nani huyo aliyesoma? Mwambie arudie."

Akarudia. Siku hizi akimaliza Kiswahili anafungua kitabu cha Kiingereza mwenyewe. Bado anasoma taratibu, lakini tumbo la Jumapili sijalisikia tena.

Sheria inasemaje

Kwa wanaofikiria jambo hili, msianze kwa kusikia tu. Kufundisha watoto nyumbani kunaruhusiwa katika majimbo yote 50 ya Marekani, lakini masharti yanatofautiana sana. Texas haidai mzazi atoe taarifa. Hapa Minnesota mzazi lazima apeleke taarifa kwa msimamizi mkuu wa elimu wa wilaya yake ya shule ifikapo tarehe 1 Oktoba, na akimtoa mtoto shule ya serikali katikati ya mwaka ana siku 15. Kuna fomu ya chanjo. Masomo yametajwa kisheria: kusoma na kuandika, fasihi na sanaa, hisabati na sayansi, historia, jiografia, uchumi na uraia, afya na mazoezi ya mwili. Mzazi hatakiwi kuwa na cheti cha ualimu, lakini anatakiwa kutunza kumbukumbu za anachofundisha, na mtoto afanye mtihani unaotambulika kitaifa kila mwaka. Matokeo yakiwa chini sana, sheria inamtaka mzazi amfanyie mtoto uchunguzi zaidi.

Kwa wenzetu wa Uingereza, Sheria ya Elimu ya 1996 inampa mzazi jukumu la kuhakikisha mtoto anapata elimu, shuleni au kwa njia nyingine. Hata hivyo, tangu Desemba 2024 ulipofikishwa bungeni muswada wenye kutaka watoto wasio shuleni waorodheshwe, ni vyema kuuliza halmashauri yako kabla ya kuchukua hatua. Ujerumani ni habari nyingine: huko mtoto kwa kawaida lazima aende shule, na Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliunga mkono msimamo huo mwezi Januari 2019. Sweden nayo, kwa sheria ya 2010, inaruhusu kwa sababu za pekee tu.

Na ushauri wangu mimi mama wa kawaida ni huu. Kama mtoto anaendelea vizuri shuleni, mwacheni huko. Kama mnafanya zamu zote mbili na hakuna atakayekaa naye, msijidanganye, mtamwachia televisheni. Na kabla ya kupiga hesabu ya vitabu, pigeni hesabu ya wale mnaowatumia fedha nyumbani. Kaeni nao mwongee mapema. Mimi sikufanya hivyo, na wiki zile tatu za ada bado zinaniuma.

Barua

Tarehe 29 Septemba tulitembea kwa miguu mpaka posta, sisi watatu, kwa kuwa gari moja baba yao alikuwa nalo kazini. Kulikuwa na ubaridi wa kutosha kuvaa sweta, na majani yalikuwa yameanza kulia chini ya viatu. Mkubwa alibeba bahasha. Alikuwa amesoma mwenyewe jina lake lililoandikwa kwenye fomu, tarehe yake ya kuzaliwa, na pale palipoandikwa jina la mwalimu, akasoma jina langu. Akaniangalia kidogo, kisha akaitumbukiza.

Usiku nilimpigia mama. Kwake kulikuwa kunakaribia kupambazuka, na alikuwa tayari amekaa nje akisubiri jua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Barua imekwenda?"

"Imekwenda."

Akanyamaza kidogo. "Huo mtihani wao ni lini?"

Nikamwambia tumepanga ufanyike Aprili.

"Haya," akasema. "Basi mimi na wewe tutaongea Aprili. Sasa niache, jua linatoka, wajukuu zangu wanataka saa."